Mbona watoto ninaowachora wanazeeka?

Swali: Ninachora nyuso za wadogo zangu kwa penseli, lakini kila mmoja anatoka kama mtu mzima. Ninakosea wapi?

Jibu: Anza na vipimo. Kwa mtu mzima, macho hukaa karibu katikati ya kichwa, ukipima kutoka utosini hadi kidevuni. Kwa mtoto mdogo hukaa chini ya hapo, kwa sababu sehemu ya fuvu inayobeba ubongo hukua mapema kuliko taya. Basi mpe paji pana, pua fupi, mashavu yaliyojaa na kidevu kidogo.

Kisha punguza mistari. Mstari mzito kutoka puani hadi pembe ya mdomo, au chini ya jicho, huongeza umri papo hapo. Hapo weka kivuli chepesi cha HB tu. Penseli ya 2B itunze kwa kope, matundu ya pua na mahali midomo inapokutana. Ngozi nyeusi ijenge kwa tabaka laini, ukiacha mng'ao kwenye paji na mashavu.

Kwa zoezi, chora mtoto wa miaka 5, wa 10 na wa 15 kwenye karatasi moja, vichwa vikilingana ukubwa. Linganisha mahali macho yalipo kabla hujagusa kivuli.