Jiografia kwenye kioo cha simu: mwalimu aanzie wapi?

Mwalimu, kama unafundisha volkano, matetemeko na bonde la ufa kwa ubao na chaki tu, usione haya. Wengi wetu tulifundishwa hivyo na mitihani tukafaulu. Shida ya mada hizi ni kwamba vitu vyenyewe ni vikubwa mno, viko mbali, au vinakwenda polepole hata jicho haliwezi kuvifuatilia. Bonde la Ufa la Afrika Mashariki, kwa mfano, linapanuka kwa milimita chache tu kwa mwaka. Mchoro wa ubaoni hauwezi kuonyesha hilo peke yake, na hapo ndipo zana shirikishi za mtandaoni zinapokufaa. Zana shirikishi ni ile ambayo mwanafunzi anaigusa, anabadilisha kitu, kisha anaona matokeo. Video ya kutazama tu, hata iwe nzuri vipi, haimo humu.

Swali la kwanza huwa ni fedha. Zana zote nitakazozitaja ni za bure na hazidai kadi ya benki. Utakacholipia ni bando na umeme. Kifaa kinaweza kuwa kompyuta ya shule, simu janja, au kishikwambi. Walimu wengi Tanzania walipewa vile vilivyotumika kwenye Sensa ya mwaka 2022, na baadhi ya vishikwambi hivyo bado vimelala kabatini. Projekta ni msaada, lakini kukosa projekta si sababu ya kuahirisha somo.

Anza na Google Earth, yaani tufe la dunia lililotengenezwa kwa picha za setilaiti. Fungua kivinjari, programu ile ya kufungulia tovuti kama Chrome, uandike earth.google.com. Kwenye kisanduku cha kutafutia andika jina la kijiji au mtaa ilipo shule yako. Usianze na Himalaya! Mwanafunzi akishaona paa la shule yake, na mto anaochotea maji, ataamini kwamba picha nyingine nazo ni za mahali pa kweli. Kisha mpeleke Ngorongoro. Bonyeza alama ya rula, umwambie apime upana wa kreta kutoka ukingo hadi ukingo. Atapata kilomita 19 hivi, ikitegemea amepimia wapi. Sasa muulize: shimo kubwa namna hii lilichimbwa na nini? Wengi watasema kimondo. Hapo ndipo unapoeleza kaldera, yaani shimo linalobaki baada ya mlima wa volkano kutapika uji wake wa moto na kilele chake kuporomokea ndani.

Ukiwa na kompyuta, pakua pia Google Earth Pro. Zamani ililipiwa mamia ya dola kwa mwaka, lakini tangu 2015 ni bure. Ina kitu kimoja ambacho kwa maoni yangu kinatosha kuwa sababu ya kuipakua: inachora umbo la ardhi kwa urefu wake. Chora mstari kutoka Karatu, ushuke Mto wa Mbu, uende hadi Makuyuni. Bonyeza mstari huo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague umbo la miinuko. Chini ya ramani utatokea mchoro unaoonyesha ardhi inavyopanda na kushuka. Wanafunzi wataona ukingo wa magharibi ukianguka ghafla kuelekea Ziwa Manyara, ambalo liko mita 960 hivi juu ya usawa wa bahari. Upande wa mashariki hakuna ukuta wa kufanana na huo. Ardhi inapanda taratibu. Vitabu vingi huchora bonde la ufa likiwa na kuta mbili zinazolingana, kama ilivyo karibu na Naivasha kule Kenya. Manyara ardhi ilikatika zaidi upande mmoja. Mwanafunzi aliyeligundua hilo mwenyewe kwa mstari wake hatalisahau kwa urahisi.

Kwa matetemeko, kuna zana iitwayo Seismic Explorer, iliyotengenezwa na shirika la Concord Consortium la Marekani, kwenye anwani seismic-explorer.concord.org. Inaonyesha ramani ya dunia yenye vidoti. Kila kidoti ni tetemeko lililotokea kweli. Ukubwa wa kidoti ni ukubwa wa tetemeko, na rangi yake ni kina, yaani umbali kutoka juu ya ardhi hadi pale mwamba ulipovunjika. Bonyeza kitufe cha kuchezesha uone vidoti vikijitokeza mwaka baada ya mwaka. Usieleze chochote kwanza. Waulize tu: mbona vimejipanga mistari badala ya kutawanyika kila mahali? Mistari hiyo ndiyo mipaka ya mabamba, vile vipande vikubwa vya gamba la dunia vinavyosukumana na kuachana.

Baada ya hapo, mwambie mmoja achore mkato kwenye pwani ya Chile, kuanzia baharini hadi ndani ya bara. Zana itaipasua ardhi kama papai na kuonyesha ndani. Vidoti vitaonekana vikizama kuelekea mashariki, mamia ya kilomita chini, kwa sababu bamba la bahari linaingia chini ya bara. Rudi Afrika Mashariki ufanye vivyo hivyo. Huku hakuna mteremko wa namna hiyo. Matetemeko yetu hayafiki kina hicho, maana ardhi yetu inaachana, haizami. Zana hii hufanya kazi vizuri zaidi kwenye kompyuta kuliko kwenye simu ndogo.

Kwa tukio moja mahususi, nenda earthquake.usgs.gov, tovuti ya idara ya jiolojia ya Marekani, utafute tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, ukubwa wa 5.9. Waache wanafunzi wasome wenyewe kina chake na mahali pa kitovu. Lakini ikiwa shule yako iko Bukoba au jirani, tangulia kukumbuka kwamba zaidi ya watu 15 walifariki siku ile, na huenda darasani yumo mtoto wa nyumba iliyofiwa.

Mabadiliko ya uso wa nchi yana zana yake: NASA Worldview, kwenye worldview.earthdata.nasa.gov. Ina picha za setilaiti za kila siku tangu mwaka 2000. Sogea hadi Mto Rufiji, chagua kulinganisha tarehe mbili, uweke Agosti 2022 upande mmoja na Agosti 2024 upande wa pili. Vuta mstari wa katikati kushoto na kulia. Ziwa zima litatokea pale palipokuwa na mto tu; ni maji ya Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022. Chagua miezi ya kiangazi, la sivyo utaishia kuonyesha mawingu.

Na pasipo na intaneti? Tumia PhET, phet.colorado.edu, ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder. Majaribio yake mengi unaweza kuyapakua, ukayabeba kwenye flashi na kuyafungua kwenye kompyuta bila mtandao, na baadhi yametafsiriwa kwa Kiswahili. Kwa somo letu yanafaa lile la mizunguko ya Dunia, Jua na Mwezi, na lile la gesi zinazozuia joto angani.

Darasa la wanafunzi 80 na kifaa kimoja linawezekana. Kabla ya kubonyeza chochote, kila mwanafunzi aandike daftarini anachotabiri. Kisha mmoja abonyeze, wengine walinganishe na walichoandika, wabishane, halafu ndipo uje na maelezo. Badilisha mbonyezaji kila mara, na usimwachie yule mjuaji wa simu peke yake. Zana moja kwa kipindi kimoja inatosha; mwalimu anayerukaruka tovuti nne kwa dakika 40 hufundisha kubonyeza tu.

Bando nalo lina hila zake. Fanya jaribio zima nyumbani kabla ya kipindi, kisha angalia kwenye mipangilio ya simu kivinjari kimekula MB ngapi, ujue cha kununua. Rekodi kioo cha simu unapofanya jaribio, ili mtandao ukikatika uwe na cha kuonyesha.

Waambie wanafunzi pia kwamba picha za Google Earth si za leo. Nyingi zina umri wa miezi au miaka, na tarehe huandikwa pembeni. Milima nayo inaweza kuwekwa irefushwe kuliko ilivyo, kwa hiyo kagua mpangilio huo kabla hujawaambia wapime kwa macho.

Kwa wiki hii chagua mada moja tu iliyo kwenye azimio lako la kazi, uandike swali moja ambalo mchoro wa kitabuni haukulijibu, kisha fungua zana moja kati ya hizi ujaribu kulijibu mwenyewe kabla ya kuingia darasani.