Mchungwa Ukishachumwa: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Lori likishaondoka na machungwa, wenye mashamba wengi wa Mahege na Kibiti kwa jumla hawakanyagi tena shambani mpaka maua yatoke. Hapo ndipo miti inapoanza kufa, kisha analaumiwa mchawi.

YA KUFANYA

Okota machungwa yote yaliyoanguka. Yaliyosahaulika juu, yaangushe. Pasua moja lililooza uone funza weupe wanavyorukaruka: ni watoto wa nzi wa matunda. Wakikomaa huingia ardhini chini ya mti huohuo, hutoka wakiwa nzi, huhamia kwenye maembe, kisha hurudi kwako. Yafukie futi mbili kwenda chini. Kuyarundika pembeni mwa shamba ni kufuga nzi.

Kata matawi makavu, yaliyovunjwa na wachumaji na yaliyoota kimelea. Tumia msumeno na mkasi, usiache kisiki. Kisiki huoza, na uozo huingia ndani ya mti. Futa mkasi kwa jiki iliyozimuliwa kila unapohama mti.

Ondoa machipukizi yote chini ya kiungio. Hapo si mchungwa, ni mlimau uliobebeshwa mchungwa. Wapo wanaojisifu mti umechangamka, halafu wanavuna malimau yenye ngozi nene yasiyo na mnunuzi.

Fukua udongo unaokumbatia shina. Mashamba ya bondeni yaangaliwe zaidi, maana mafuriko kama yale ya Aprili 2024 huacha tope shinani. Gome likikaa kwenye unyevu huoza na kutoa gundi. Uozo ukizunguka shina lote, mti umekwenda. Chimba mifereji kabla ya masika, si maji yakiwa magotini.

Weka samadi iliyoiva vuli ikianza, madebe mawili hadi matatu kwa mti mkubwa. Itandaze kivuli cha matawi kinapoishia. Ukiirundika shinani unaozesha gome lilelile.

YA KUTOFANYA

Usichome nyasi shambani. Si lazima moto uguse majani. Joto peke yake hupika gome.

Usilime kwa jembe chini ya mti. Mizizi inayoulisha iko juujuu. Fyeka, nyasi ziache palepale ziwe matandazo.

Usiue majimoto, wale sisimizi wa mtini. Wanauma, ndiyo. Lakini wanakula viwavi na kunguni wanaofyonza matunda machanga, usiku na mchana, bila kukudai senti. Jipake majivu mikononi upande mti.

Usipulize dawa kwa sababu jirani kapuliza. Unaua wadudu wanaokusaidia, na fedha imepotea. Mpelekee bwana shamba jani lenye tatizo kwanza.

Usijazie pengo kwa mche wa barabarani usioujua ulikotoka. Chawa wa Asia anayeeneza ugonjwa wa majani ya njano kwenye michungwa aliripotiwa nchini Tanzania mwaka 2016. Mti ukiambukizwa hauponi. Mche mmoja mgonjwa unaweza kuliangamiza shamba alilopanda babu yako.

Usiuze matunda yangali maua. Ukishapokea fedha huna sauti. Vijana wa mnunuzi watapiga matawi kwa fimbo nawe unatazama. Subiri yakomae, simama shambani siku ya kuchuma, na mkubaliane mapema: tawi likivunjwa, linalipwa.