SOMO LA AFYA: DAMU YA USO HUTOKA WAPI, NA TUTAIZUIAJE?



Mtu akikatwa mdomo, hata kidogo tu, damu humwagika mpaka watu wakaogopa. Wengine hukimbilia mchanga, majani ya chai au mafuta taa. Hivyo vyote huchafua jeraha. Tukijua njia za damu, mikono yetu inatosha kuanza kusaidia.

Kila upande wa shingo kuna mshipa mkubwa unaopandisha damu kutoka moyoni. Karibu na taya, tawi lake la nje hugawanyika kama mfereji wa shamba:

1. Mshipa wa uso. Huu huvuka ukingo wa taya la chini, ukapita kando ya midomo na pua hadi kona ya jicho. Jaribu sasa: kaza meno, nyama ya shavu itakuwa ngumu. Weka kidole mbele ya nyama hiyo, kwenye ukingo wa taya. Utasikia mshipa ukipiga.

2. Mshipa wa taya. Hupita ndani na kulisha meno ya juu na ya chini.

3. Mshipa wa panja. Hupanda mbele ya sikio.

Matawi ya kushoto na ya kulia hukutana midomoni. Ndiyo sababu ukibana upande mmoja wa jeraha, damu huendelea kutoka upande wa pili. Lakini wingi huo wa damu ndio pia husaidia uso kupona upesi.

TUFANYE NINI?

- Vaa glovu. Kama hakuna, mgonjwa ajibane mwenyewe.
- Kwa kitambaa safi, bana mdomo pande zote mbili za jeraha, dakika 10, bila kufunuafunua.
- Aketi, ainame mbele, ateme damu, asiimeze.
- Aliyeng'olewa jino aume kitambaa safi kilichokunjwa, dakika 20 hadi 30.
- Usibane shingo kamwe! Damu ya ubongo hupita hapo.

Damu isipokoma, jeraha likiwa wazi, au meno yasipokutana sawasawa (huenda taya limevunjika), mpelekeni hospitali mara moja. Ulizeni pia sindano ya pepopunda.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kila mmoja amepata mshipa wa uso kwa kidole chake?
2. Kitambaa safi na glovu za kikundi zitawekwa kwa nani?
3. Mtu akiumia usiku, nauli ya hospitali itatoka wapi?