Farasi Mstaafu wa Mbio: Usimfungulie Geti Siku ya Kwanza

Wiki hii ng'ombe na kuku wasubiri kidogo. Kijana mmoja wa Naivasha mwenye ekari chache za nyasi alinipigia simu. Kuna mtu wa Nairobi anayetaka kumwekea farasi wawili waliostaafu mbio za Ngong Racecourse, na atamlipa kila mwezi. Swali lake: "Si nafungua geti tu, wanajilisha kama ng'ombe?"

Hapana, ndugu yangu. Kazi hii ni nzuri na inaweza kudumu, maana farasi wa mbio hustaafu mapema, wengi kabla ya miaka 10, na bado anaweza kuishi miaka mingine 15. Lakini wiki tatu za kwanza ndizo zitaamua kama utalipwa au utaitwa kueleza farasi wa watu amekufaje.

Mwelewe kwanza. Thoroughbred aliye mazoezini hukaa bandani karibu siku nzima. Alfajiri anatolewa, anakimbizwa, saisi anamwosha, anarudi ndani. Anapewa nafaka nyingi na hei kwa saa maalum. Tumbo la farasi halikuumbwa hivyo. Linatoa tindikali muda wote, awe amekula au hajala, na akiwa huru hutafuna zaidi ya nusu ya siku. Ndiyo maana vidonda vya tumbo ni vya kawaida kwa farasi wa mbio, na ndiyo maana wengine hung'ata mbao za mlango au kuyumbayumba pale pale mchana kutwa. Malisho yatamsaidia sana. Shida ni kumpa yote kwa siku moja.

Vijidudu vya utumboni mwake vimezoea nafaka na nyasi kavu. Mwachie ghafla kwenye nyasi mbichi ya msimu wa mvua, gesi itajaa, na farasi hawezi kutapika wala kucheua kama ng'ombe. Hapo unapata koliki, yale maumivu ya tumbo yanayoua. Akiponea hapo, kwato zinaweza kuvimba kwa ndani asiweze hata kusimama vizuri.

Kwa hiyo mshibishe hei kwanza, ndipo umpeleke kwenye nyasi dakika 15 au 20, ukiwa umemshika kamba. Kila siku ongeza dakika kama hizo. Baada ya wiki mbili tatu anaweza kukaa malishoni saa nyingi bila wasiwasi. Nafaka usiikate, ipunguze kidogo kidogo kwa siku 10 hadi 14. Farasi wa kilo 500 anahitaji kati ya kilo 7.5 na 10 za nyasi kavu kwa siku. Piga hesabu hiyo kabla ya kutaja bei kwa mwenye farasi, si baadaye.

Nyasi zenyewe pia si sawa zote. Nyasi ya Kikuyu na setaria zina oksaleti, kitu kinachofunga kalsiamu isiingie mwilini. Ng'ombe anavumilia, lakini farasi akilishwa hizo peke yake kwa miezi, mwili unaanza kuchota kalsiamu kwenye mifupa, anachechemea na uso unavimba. Boma Rhodes ni salama zaidi, na lusani kidogo inaongeza kalsiamu. Na tafadhali, chakula cha ng'ombe au cha kuku kisikaribie farasi. Vingine vimetiwa monensini, na kiasi kidogo tu kinaharibu moyo wa farasi. Weka magunia mbali na koleo lake liwe lake.

Sasa miguu. Huyu amefundishwa kukimbia, na akiona nafasi atakimbia hadi aone ua, pengine amechelewa. Seng'enge iondoe kabisa, ngozi yake ni nyembamba. Tumia mbao au utepe mpana unaoonekana. Siku za kwanza mweke kwenye kiwanja kidogo, mita 15 kwa 15 hivi, asipate nafasi ya kushika kasi. Kabla ya kumwachia, mtembeze kando ya ua wote, kulia na kushoto, aujue. Mtoe akiwa ameshafanya mazoezi kidogo na ameshakula, si akiwa na njaa na nguvu za siku tatu.

Asikae peke yake. Farasi mzee mtulivu ndiye mwalimu bora. Waonane kwanza kupitia ua siku kadhaa. Ukiwaweka pamoja, farasi wawili wapate mafungu matatu ya hei, mbalimbali, wasipigane. Punda naye anafaa kuwa rafiki, ila mpe dawa ya minyoo kwanza, maana hubeba minyoo ya mapafu bila kuonyesha dalili.

Mtasoma ushauri wa Uingereza kwamba farasi alale nje. Kwetu mimi siukubali hasa msimu wa mvua. Usubi wanaoeneza ugonjwa wa farasi wa Afrika huuma kuanzia magharibi hadi alfajiri. Mtoe jua likishachomoza, mrudishe kabla halijazama, na umwombe mwenye farasi rekodi ya chanjo kabla gari halijashusha mnyama. Kupe mkague kila jioni, hasa masikioni na chini ya mkia.

Katika wiki hizo, hesabu mavi kila asubuhi. Yakipungua, au farasi akichimba chini kwa mguu, akigeuka kutazama ubavu, akijilaza na kuinuka kila mara, mwondolee chakula chote na umpigie daktari wa mifugo saa hiyo hiyo. Namba yake iandike kwa chaki mlangoni mwa banda, maana simu huwa inazimika usiku ule ule unaoihitaji.