Kula Kwenye Bistro ya Mvinyo Paris: Ya Kufanya na ya Kutofanya

Mwaka 1992 Yves Camdeborde, aliyetoka katika jiko la hoteli ya Crillon, alifungua bistro ya La Régalade huko Paris na kupika chakula cha hadhi kwa bei ya watu wa kawaida. Bistro nyingi za leo zimefuata njia yake: chumba kidogo, wapishi wachache, vyakula vimeandikwa kwa chaki ubaoni, na orodha ya mvinyo ndefu kuliko ya chakula. Mahali padogo namna hii, mgeni mmoja asiye na adabu huwaharibia wote.

Weka nafasi, na ufike kwa wakati. Ukiahirisha, piga simu mapema. Meza tupu ni hasara ambayo hailipiki usiku huo. Usitokee saa kumi alasiri ukidai chakula. Mchana watu hula kati ya saa sita na saa nane, na usiku jiko huanza kama saa moja na nusu.

Salimia kwanza. “Bonsoir, Madame” itangulie ombi lolote. Usipige mluzi, usialishe vidole.

Usijitie ujuzi wa mvinyo. Mweleze mhudumu unakula nini na unapenda ladha gani, kisha weka kidole kwenye bei unayoimudu orodhani. Ataelewa, na wenzako mezani hawatajua. Baada ya hapo msikilize. Akikuletea Beaujolais nyekundu yenye ubaridi kidogo, usidai ipashwe joto, na usitie barafu kwenye glasi yoyote. Mvinyo usiochujwa huweza kuwa na ukungu. Ukungu peke yake si ubovu.

Akikumiminia kidogo uonje, hakuulizi kama umeupenda. Anataka kujua kama chupa ni nzima. Zungusha glasi, nusa. Ukisikia harufu ya katoni iliyolowa, kizibo kimeuharibu mvinyo: sema papo hapo, ubadilishiwe. Lakini kurudisha chupa nzima kwa kuwa tu haikukupendeza ni dhuluma kwa mwenye bistro.

Chupa ya sentilita 75 hutoa glasi sita hivi. Hesabu watu kabla ya kuagiza, na dereva asinywe.

Usiyekunywa, usione haya hata kidogo. Omba “carafe d'eau”, maji ya bomba. Kwa sheria ya Ufaransa hayalipiwi. Ila kama dini yako inakataza pombe na nguruwe, uliza kabla ya kuagiza, si sahani ikishatua mezani. Bœuf bourguignon na coq au vin hupikwa kwa mvinyo mwekundu, na moto haumalizi kileo chote. Vipande vya nguruwe navyo huingia hata kwenye saladi ambayo ungeidhania ni ya mboga tupu. Uliza kila chakula kwa jina lake, usikubali jibu la kukisia.

Usimpangie mpishi upya sahani yake. Kama hakuna kinachokufaa ubaoni, tafuta mkahawa mwingine.

Bili haiji mpaka uiombe, kwa hiyo usikae ukinung'unika. Ada ya huduma imo tayari ndani ya bei. Usipige hesabu za asilimia. Sarafu chache ni hiari yako. Shukrani kwa aliyekuchagulia mvinyo si hiari: mtafute kabla ya kutoka, umwambie.