Mtihani wa Uraia: Kuielewa Sheria Kabla ya Kuikariri



Kamati za elimu za parokia, kuanzia Mbagala na Chamazi hadi Tegeta na Bunju, zimekuwa zikituuliza swali lile lile. Kwa nini kijana anayeijua mihimili mitatu ya dola kwa kichwa, na anayeweza kutaja haki kumi za binadamu bila kuvuta pumzi, anapata D au F katika somo la Uraia? Wafadhili wanaochangia vitabu vya madarasa ya Jumamosi wana haki ya kuuliza hivyo pia. Katika toleo hili tunajibu kwa njia ya somo ambalo mwalimu wa kujitolea anaweza kulitumia ukumbini bila kuongeza chochote zaidi ya ubao na chaki.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu mtihani wenyewe. Uraia wa kidato cha nne, ambao vijana wanauita siviksi, hutungwa na Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) na hujibiwa kwa Kiingereza. Unawahusu waliosoma mtaala wa zamani, pamoja na watahiniwa wa kujitegemea waliosoma mtaala huo. Walioanza baadaye waliingia katika mtaala mpya wenye somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo kamati isimpe mdogo daftari la kaka yake ikadhani imemaliza kazi. Watahiniwa wa kujitegemea tunawataja kwa makusudi, maana pembezoni mwa Temeke na Kinondoni ni wengi, na miongoni mwao wapo mabinti waliokatishwa masomo kwa ujauzito. Tangu Novemba 2021 Serikali iliruhusu mabinti hao kurudi hata katika mfumo rasmi. Tunaomba kamati ziwatafute, kwani wengine hawajui kwamba mlango uko wazi.

Lugha ndiyo kikwazo cha kwanza

Mtoto wetu anaishi kwa Kiswahili na anafanyiwa mtihani kwa Kiingereza. Hilo halibadilishwi na kamati ya parokia, lakini madhara yake yanaweza kupunguzwa. Chukua neno "haki". Kwa Kiswahili tunasema haki ya kumiliki mali, na tunasema mahakama imetenda haki, kwa neno moja. Kiingereza kinatumia maneno mawili, "right" na "justice", na mwanafunzi anayetafsiri kichwani huandika moja mahali pa jingine. Msahihishaji anaona mtu asiyejua mada, kumbe anaijua vizuri.

Neno "bill" ni gumu zaidi. Kwa kijana wa Mbagala ni bili ya maji ya DAWASA. Darasani anaambiwa ni muswada unaopelekwa bungeni. Kisha anakutana na "Bill of Rights" na kueleza jinsi mbunge anavyowasilisha muswada! Hiyo ni Hati ya Haki, sehemu ya Katiba yenyewe. Iliingizwa katika Katiba ya mwaka 1977 kwa mabadiliko ya mwaka 1984, na wananchi wakaanza kuitumia mahakamani kuanzia Machi 1988. Mwalimu aandike maneno ya namna hii ubaoni kila Jumamosi, matano tu, na kila moja litungiwe sentensi ya Kiswahili kabla ya kutungiwa ya Kiingereza.

Aidha, kuna maneno ya kuamuru. Swali likisema taja, orodha inatosha. Likisema eleza au jadili, orodha ni jibu la nusu. Mwanafunzi anayejibu swali la insha kwa kutaja hoja sita bila kueleza hata moja amejinyima alama mwenyewe.

Ardhi ya Holaria Pastory

Sasa tufike kwenye kiini. Sheria hueleweka kwa kesi. Tunapendekeza walimu waanze na shauri moja lililotokea mbali na Dar es Salaam, katika Wilaya ya Muleba, mkoani Kagera, kwa sababu ndani yake mna nusu ya mada za mtihani.

Mama Mhaya aitwaye Holaria Pastory alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia halali. Uzeeni, akiwa hana wa kumtunza, aliliuza mwezi Agosti 1988 kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo huo. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, akafungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo Kashasha akitaka mauzo hayo yabatilishwe. Hoja yake ilikuwa kwamba kwa mila mwanamke anaweza kutumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, lakini hawezi kuiuza. Haikuwa hoja ya kubuni. Kanuni hiyo ilikuwa imeandikwa katika Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963. Mahakama ya Mwanzo ikakubaliana naye. Mama akakata rufaa Mahakama ya Wilaya, akashinda. Mpwa akaenda Mahakama Kuu, Mwanza. Mwezi Februari 1990 Jaji Mwalusanya akaitupa rufaa yake: mila inayombagua mwanamke katika kuuza ardhi inapingana na ibara ya 13 ya Katiba, inayokataza ubaguzi, na pia na mikataba ya kimataifa ambayo Tanzania imeiridhia.

Mwalimu asimame hapo na kuwauliza wanafunzi. Shauri lilipanda ngazi zipi? Mwanzo, Wilaya, Mahakama Kuu. Juu yake ipo Mahakama ya Rufani, ambayo safari hii haikufikiwa. Ni sheria za aina gani zilizogongana? Mila na Katiba. Ipi ni kubwa, na kwa nini? Mhimili upi ulitoa uamuzi, na je, uliomba ruhusa ya mwingine? Mwanafunzi akishajibu haya, uhuru wa mahakama, ukuu wa Katiba, usawa wa jinsia na muundo wa mahakama vimeingia kichwani kwa pamoja, naye hatavisahau, kwa sababu anamkumbuka yule mama.

Shauri la umri wa ndoa

La pili liko karibu na mabinti wetu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 13, iliweka umri wa kuoa kuwa miaka 18 kwa mwanamume na wa kuolewa kuwa miaka 15 kwa mwanamke, na mahakama ikapewa uwezo wa kuruhusu hata miaka 14. Kifungu cha 17 kikaweka ridhaa ya mzazi kwa binti aliye chini ya miaka 18. Mwaka 2016 Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za watoto wa kike, alivipinga vifungu hivyo mahakamani. Tarehe 8 Julai 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vinakwenda kinyume cha Katiba, na ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Mwanasheria Mkuu wa Serikali akakata rufaa. Mwezi Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo.

Hapa wanafunzi makini huuliza kwa nini yeye hakuanzia Mahakama ya Mwanzo kama mpwa wa Kagera. Ni swali zuri. Ibara ya 30 ya Katiba inaelekeza kwamba anayedai haki zake za msingi zimevunjwa afungue shauri Mahakama Kuu. Kwa hiyo kuna milango miwili ya kuingilia, kulingana na aina ya shauri. Wengi huchora ngazi moja tu kwenye karatasi ya mtihani na kuishia hapo.

Wasiishie kwenye ushindi pia. Mahakama haitungi sheria. Kazi ya kubadilisha maandishi ya sheria ni ya Bunge, na miaka kadhaa ilipita baada ya hukumu ya 2019 bila Bunge kufanya marekebisho hayo. Mwanafunzi anayeweza kueleza pengo hilo, na kulilinganisha na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inayosema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18, anajibu swali la mgawanyo wa madaraka kuliko anayeandika fasili ya kitabuni.

Kwa upande wa familia zetu, jambo hili si la karatasi tu. Posa haingoji matokeo ya mtihani. Yapo makazi ya pembezoni ambako binti wa kidato cha tatu hutajiwa mchumba pale kodi ya chumba inapokuwa imekaribia. Ni lazima ajue, na wazazi wajue, kwamba marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yanafanya kuoa au kuolewa kwa mwanafunzi wa msingi au sekondari kuwa kosa la jinai lenye adhabu ya kifungo cha miaka 30. Ajue pia pa kukimbilia: afisa ustawi wa jamii, Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au namba ya simu 116 kwa ajili ya watoto. Mwalimu anayefundisha ibara ya 13 bila kutaja hayo amefundisha nusu.

Kwa walimu wenye muda, kuna shauri la tatu, la Bi. Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983. Lilithibitisha kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Kwa sababu nyingine za shauri lile yeye mwenyewe hakupata mgao, ila kanuni ilibaki na imewafaa wengine wengi. Linafaa katika mada ya familia.

Angalieni daftari la zamani

Tuisheni nyingi za mitaani zinatumia nukuu zilizonakiliwa na kunakiliwa tena. Mwaka 2021 peke yake ulibadilisha mambo kadhaa. Mabaraza ya kata yaliondolewa uwezo wa kuamua migogoro ya ardhi. Yamebaki kusuluhisha, na usuluhishi ukishindikana shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mwaka huo huo Kiswahili kilifanywa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, ambapo awali kilitawala katika Mahakama za Mwanzo tu. Halmashauri ya zamani ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa na Manispaa ya Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Jiji. Kabla ya hapo Ubungo ilishamegwa kutoka Kinondoni, na Kigamboni kutoka Temeke. Kijana anayeishi Kigamboni huku akiandika kwamba mkoa wake una wilaya tatu amepotezwa na daftari.

Jinsi ya kuendesha Jumamosi

Mpango wetu ni mwepisi. Saa ya kwanza ni ya kesi: mwalimu anasimulia kwa Kiswahili, wanafunzi wanagawana upande wa mdai na wa mdaiwa, na watatu wanakaa kama majaji. Wabishane. Saa ya pili ni ya kimya: kila mmoja anaandika aya moja ya Kiingereza yenye tukio, kisha sheria inayohusika, kisha sababu. Aya moja iliyosahihishwa vizuri inazidi insha tatu zisizosomwa na mtu. Saa ya tatu, pasti pepa. NECTA huchapisha pia taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, zinazoonyesha walikosea wapi na kwa nini. Ni chombo kizuri sana na hakitumiki inavyostahili. Nakala moja ichapwe kwa kila kituo.

Kamati inaweza kumwalika msaidizi wa kisheria, ambao wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Temeke kuna Kituo Jumuishi cha mahakama kinachoshughulikia masuala ya familia. Wanafunzi wanaweza kuombewa ruhusa ya kukitembelea, ingawa si kila shauri la familia husikilizwa hadharani. Kinachohitaji fedha ni kidogo: Katiba ya Kiswahili kwa kila wanafunzi wawili, karatasi, na nauli ya mwalimu.

Maswali ya mazoezi kwa Jumamosi nne zijazo ni haya. Kwanza, mjane wa Yombo anaondolewa na shemeji zake katika nyumba aliyojenga na marehemu mumewe. Eleza hatua zake kisheria, ukianzia mahali sahihi. Pili, kwa nini Mahakama ya Rufani ilikuwa na neno la mwisho katika shauri la Rebeca Gyumi, na kwa nini hata hivyo haikuweza kuandika upya kifungu cha 13? Tatu, jirani wawili wa Chamazi wanagombea mpaka wa kiwanja na mmoja anataka baraza la kata liamue, mshauri. Majibu yatumwe kwetu kupitia katibu wa kamati kabla ya toleo lijalo, nasi tutachapisha mawili yaliyo bora pamoja na masahihisho yake.