Kivuli cha Anodos: Tusomeje Hadithi za Maajabu za Zamani?

Wapo wanaouliza kama frateri hapotezi muda anaposoma hadithi za kubuni. Tutafute jibu katika kitabu kimoja, *Phantastes*, alichokitoa Mskoti George MacDonald mwaka 1858, miaka mingi kabla ya vitabu vya J. R. R. Tolkien na C. S. Lewis.

Hadithi yenyewe

Kijana Anodos, aliyetimiza miaka 21, anaamka asubuhi na kukuta beseni lake la kunawia linafurika kama chemchemi na zulia limegeuka kuwa majani. Anaingia katika nchi ya maajabu. Humo anaonywa asifungue mlango fulani, naye anaufungua. Kivuli kinatoka na kuandamana naye. Tangu hapo kila kizuri kinachoguswa na kivuli hicho hupoteza uzuri wake. Mbaya zaidi, Anodos anaanza kukipenda, akidhani kinamwonyesha ukweli wa mambo.

Namna ya kusoma

MacDonald hatuelezi kivuli ni nini. Basi tusikimbilie kukipa jina la dhambi fulani. Tuifuate hadithi kwanza, kisha tujichunguze. Sisi tulio masomoni tunaweza kukitambua: ni pale tunapomwona bibi kizee na rozari yake, tukaona ujinga tu. Anodos haokolewi kwa hoja. Binti ambaye zamani alimvunjia tunu yake ndiye anayemfungua kifungoni kwa wimbo, na kijana anapokubali kuwa mdogo, kivuli kinatoweka.

Angalizo

MacDonald alikuwa mchungaji wa Kikongregasheni, na aliamini kwamba hatimaye wote wataokoka. Kanisa hutuagiza kuwaombea watu wote wapate wokovu, lakini halifundishi kwamba hilo ni hakika. Tusome kwa upambanuzi.

Hata hivyo, tusidharau matunda. Lewis alikisoma mwaka 1916, akiwa kijana asiyeamini. Baadaye alishuhudia kwamba kiliutakasa uwezo wake wa kuwaza, ingawa imani yenyewe ilichelewa. Alirudi kwa Kristo mwaka 1931. Hadithi haikuchukua nafasi ya Injili. Ililainisha udongo.

Maswali ya tafakari

1. Ni kitu gani kizuri ambacho elimu yetu imetufanya tukidharau?
2. Ni nani tuliyemkosea, ambaye Mungu anaweza kumtumia kutufungua?